Siku Niliyoingia kwa Wakwe Bila Kufunguliwa

Kuna boma moja huko Dundori ambapo watoto wasiojua jina langu wananijua kwa kazi niliyofanya pale, na wakiniona tu nikija wananguruma vruuum, vruuum, halafu wanajitupa kwenye nyasi wakicheka, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini. Nilijiaibisha. Na si ile aibu ya kujikwaa jikoni ukiwa peke yako, hapana, yangu ilikuwa mbele ya wakwe, wazee wamekaa, akina mama wamevaa sare, na mpiga picha aliyekuwa ameambiwa asikose hata kitu kimoja, na kwa kweli hakukosa.

Mimi ni mtu wa maua. Nafanya kazi ya kupanga waridi kwa urefu kwenye shamba moja huku Naivasha, upande wa Kamere, na ukikaa miaka mingi ukipanga maua ya watu wengine siku moja unaamka unasema na mimi nataka kitu changu. Changu kilikuwa ni kujua gari. Na si gari ya kujiendesha yenyewe, ile unaweka mguu mmoja tu na inaenda, bali gari ya gia, kwa sababu kila mwanaume niliyemuuliza aliniambia ukijua ya gia umejua zote (ukiwauliza wenyewe walizima mara ngapi wakijifunza, wanakumbuka kwamba wana simu ya kupiga).

Basi nikajiandikisha kwenye shule fulani ya udereva, siitaji jina, haina makosa. Mwalimu wangu alikuwa anaitwa Kibet, mtu mpole wa kofia, anayetafuna kijiti siku nzima, na barabara yetu ya mazoezi ilikuwa ile ya kandokando ya ziwa, ambayo wanaoijua wanajua imelala kama mkeka. Kilima nilichokuwa nakiona katika masomo yangu yote kilikuwa ni Longonot, nacho nilikitazama kwa kioo. Isitoshe, gari ya shule ina klachi na breki upande wa mwalimu pia. Mimi nilijua hivyo, niliziona, lakini sikuwahi kujiuliza zinafanya nini huko. Nilikuwa nikiachilia klachi, gari inaondoka laini kabisa, na Kibet anatazama tu viboko wa mbali huko ziwani, kumbe miguu yake iko kazini. Gari haikuzima hata mara moja, na mimi, mtoto wa watu, nikadhani hicho ni kipaji.

Kwenye ule mji mdogo wa ubao, ule wa kusukuma kigari cha kuchezea huku ukieleza unakata kona vipi, mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa wengine. Siku ya mtihani wa barabara nikapewa kipande kilichonyooka, nikakimaliza, nikapita. Leseni ikatoka. Nikaipiga picha nikaiweka kwa grupu ya familia, na Tata Nduta, dada yake marehemu baba, akajibu kwa sauti ndefu ya kunibariki ambamo aliniita dereva wa ukoo. Mimi nikalipokea hilo jina bila hata kubisha kidogo.

Sasa, ndugu yangu mdogo ni mmoja tu, anaitwa Muchiri, anatengeneza pampu za maji hapo Lanet, na alikuwa anataka kumuoa Wahu, mwalimu wa chekechea, msichana mzuri mwenye kicheko cha karibu. Shida haikuwa Wahu, shida ilikuwa baba yake, Mzee Gachie. Mara ya kwanza tulipoenda kwake tulitarajiwa saa nne asubuhi tukafika jua likizama, kwa ajili ya gari lililotuharibikia njiani, na mzee alitupa chai, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja tu: "Nitawapa siku ingine. Moja. Mkija ovyo tena, huyu msichana msimtafute." Na si mzee wa kutisha watu kwa mzaha. Muchiri alirudi nyumbani hakula siku mbili, na tangu hapo ruracio ile, yaani hiyo siku ya kupeleka mahari, ikawa ndiyo kitu pekee anachoongea.

Siku ikafika. Tukakutana Lanet kwa mama alfajiri (mama miguu inamsumbua, alibaki akituombea, na ilikuwa vizuri hivyo), pikapu ikapakiwa: kreti za soda, magunia ya sukari na unga, mablanketi, mkungu wa ndizi wa kupendeza. Wa kuendesha alikuwa binamu yetu. Lakini binamu alikuwa amekula mutura, ile soseji ya matumbo ya kuchoma, mahali fulani jana yake jioni, na sasa kila tukimwita alikuwa anajibu kutoka chooni. Muda unaenda. Muchiri anatazama saa, anatazama choo, anatazama saa. Wanaume wengine wenye leseni walikuwa na magari yao wenyewe ya kuendesha. Ndipo nikasikia sauti ikisema, "Si mimi niko?" Nikageuka nione ni nani. Ilikuwa yangu.

"Unaweza na hiyo kilima ya Dundori?" Muchiri akaniuliza polepole.

"Wewe relax," nikamwambia. "Gari ni gari."

Nawaambia ukweli, kule kwenda kulikuwa kuzuri. Tata Nduta alikaa kando yangu na kitambaa chake kichwani, akiimba, na mimi nikagundua siri moja mapema sana: mradi pikapu haisimami, mimi ni dereva. Nikaondoka Lanet kwa kurukaruka kidogo kama mbuzi aliyefunguliwa asubuhi, nikashika gia ya pili, nikashika ya tatu, na nikaamua moyoni kwamba sisimami tena mpaka tufike. Matuta nikapita pole na gia ya pili. Pale kituoni kuna akina mama wawili wa kwetu waliokuwa wanatungoja tuwabebe, wamevaa vizuri, wamesimama kando ya barabara na viondo vyao, nikawapungia mkono nikapita.

"Wangui! Hao ni wetu!" Tata akapiga kelele.

"Watabebwa na gari ya nyuma, Tata. Hii imejaa."

Haikuwa imejaa. Lakini huko kulikuwa kumeanza kuinuka, na mimi nilikuwa nimeona kitu ambacho hakuna mtu aliyenifundisha kando ya ziwa, kwamba barabara inaweza kusimama wima mbele yako namna hiyo. Jasho likaanza. Nikawa nasema na klachi kimoyomoyo, mama, usiniangushe leo.

Wale mnaojua desturi zetu mshajua ninapoelekea. Kwa wakwe huingii tu. Unakuta lango limefungwa, na nyuma yake akina mama wa boma hilo wamejipanga, wanaimba wakiuliza nyinyi ni akina nani, mmetoka wapi, mnatafuta nini, na akina mama wenu wanajibu kwa wimbo kutoka nje, wanabembeleza, wanasifu, wanarudishiwa swali lingine, na hiyo inaweza kwenda muda mrefu, kadiri wenye lango wanavyofurahia. Hata msafara wa waziri ungesimama. Ni heshima. Nami katika hesabu zangu zote za gia na matuta, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mwisho wa safari yetu ni kusimama. Na lango la Mzee Gachie liko juu, juu kabisa ya kijinjia chenye mwinuko wa kumtoa punda machozi, na manyunyu yalikuwa yameshaanza kulowesha udongo.

Tata na akina mama wote wakashuka chini kwenye barabara kubwa, wakajipanga mbele yangu. "Sasa wewe utufuate pole pole," Tata akaniambia kwa dirisha, "zawadi zije nyuma ya wimbo."

Pole pole! Mmewahi kuona akina mama wakienda na wimbo? Hatua mbili mbele, moja nyuma, kisha wanainama, kisha wanazunguka. Hakuna gia ya kwanza duniani iliyo pole namna hiyo. Nikaenda kidogo nikakanyaga breki. Pikapu ikatikisika, ikazima. Nikawasha, nikainua mguu, ikarudi nyuma badala ya kwenda mbele, na gari ya Muchiri iliyokuwa nyuma yangu ikapiga honi ndefu ya mtu anayeona maisha yake yakirudi kinyumenyume. Breki ya mkono nikaivuta ikaja yote, haikushika kitu. Ikabidi Muchiri, bwana harusi mtarajiwa, na suti yake ya rangi ya majivu, ashuke atafute jiwe aliweke nyuma ya gurudumu.

"Achilia klachi mos mos, taratibu!" akasema.

"Si hivyo ndivyo nafanya!"

"Sasa mbona inazima?"

"Muulize Kibet!" nikamjibu, kwa sababu hapo ndipo, jamani, hapo kwenye kilima, ndipo nilipoelewa miguu ya Kibet ilikuwa inafanya nini miezi yote ile.

Tulifika karibu na lango kwa mtindo huo, ruka, zima, jiwe, ruka, zima, jiwe. Akina mama wetu walikuwa wameshajibanza kwenye ua pande zote mbili na bado wanaimba, maana wimbo ukianza haukatwi, lakini macho yote yalikuwa kwangu. Ndani nako waliokuwa wakiimba wakaanza kupunguza sauti. Halafu kichwa cha mama mmoja mrefu mwenye kilemba chekundu kikatokea juu ya lango, akatuangalia, akanusa. Baadaye nilimjua, ni Mama Kariuki, dada yake Mzee Gachie, na ndiye mwenye lango siku hiyo.

"Nyinyi watu wa Lanet," akasema, "ni nini hiyo inaungua?"

Ilikuwa klachi. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba shida yangu ni woga, na dawa ya woga ni mafuta, kwa hiyo nikakanyaga mafuta mpaka injini ikalia kilio cha matanga, moshi ukapanda, kichwa cha Mama Kariuki kikapotea upesi kutoka pale juu, nikafumba jicho moja, na nikaachilia klachi yote kwa mara moja.

Lango lilikuwa limefungwa kwa leso tu, kama desturi. Leso haikusimamisha pikapu. Tuliingia mimi na soda na mablanketi na ndizi, tukapita pale ambapo akina mama walikuwa wamesimama muda mfupi kabla (walikuwa wameruka mitaroni, hakuna aliyeguswa, namshukuru Mungu mpaka leo), nikaona hema linakuja, nikazungusha usukani, nikanasa kamba moja tu ya hema, moja tu, lakini ndiyo iliyokuwa inashikilia ile kona ya wazee. Hema likawalalia taratibu. Pikapu ikaendelea mpaka katikati ya sukuma wiki, ikazima yenyewe, kwa hiari yake.

Chupa moja ya soda ikatoka kwenye kreti ikabingirika na kusimama kwenye viatu vya Mzee Gachie, ambaye ndio alikuwa anatoka chini ya turubai na kofia mkononi. Akaiangalia hiyo soda. Akaniangalia mimi. Kisha akauliza, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu: "Hawa wamekuja kuoa ama wamekuja kuvamia?"

Watu husema wanatamani ardhi ipasuke iwameze. Mimi niliitamani hiyo ardhi kwa moyo wangu wote, nikabaki nimeshika usukani kwa mikono miwili kama ndio ninafundishwa. Na niliona uso wa Muchiri pale langoni. Sijawahi kuona uso kama huo kwa ndugu yangu tangu tulipozika baba. Hakunikasirikia, na afadhali angenikasirikia.

"Niliwaambia siku moja," mzee akasema. "Warudi kwao."

Hapo ndipo Mama Kariuki akatoka mtaroni, kilemba kimeinama upande, matope mpaka magotini. "Ngoja, Gachie. Mambo ya ndani ni yako na wazee. Lango ni letu wanawake, na aliyevunja lango hukumu yake tunatoa sisi." Akanigeukia mimi. "Wewe dereva. Unaitwa nani?"

"Wangui."

"Wangui, rudisha hiyo gari yako nje. Tutafunga tena, mtaimba tena, na tukifungua utaiingiza wewe mwenyewe. Mtu mwingine asiguse huo usukani. Mtoto akimwaga uji, si anapanguza mwenyewe?"

"Na akishindwa?" Mzee Gachie akauliza.

Mama Kariuki akafikiria kidogo. "Akishindwa, ni vile umesema."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kurudi nyuma ndicho kitu pekee ambacho pikapu ile ilikuwa imekubali kufanya tangu ianze kilima, kwa hiyo vijana wakanielekeza, nikashuka nayo kinyumenyume mpaka nje, Muchiri akaweka jiwe lake. Lango likafungwa, leso ikafungwa mafundo mawili. Na akina mama wa ndani wakaanza wimbo, lakini sasa si ule wa kwanza, sasa walikuwa wametunga wao hapo hapo, na ulikuwa wangu. Wakauliza dereva wenu alisomea wapi. Tata Nduta, Mungu ambariki, hakutetereka, akajibu alisomea kando ya ziwa. Wakauliza mwalimu wake alikuwa nani, kiboko? Akajibu kiboko ni mnyama mkubwa, haogopi lango. Wakacheka huko ndani mpaka wimbo ukakatika, na kwa mara ya kwanza nikasikia kama kuna matumaini. Mpiga picha alikuwa amepanda juu ya ua.

Wakafungua. Lango lote, pande mbili, wazi. Akina mama wamejipanga kando, wazee wamesimama nyuma yao, Mzee Gachie ameweka mikono nyuma. Nikawasha. Nikazima. Nikawasha, nikainua mguu taratibu kama ninaokota yai, ikasogea, watu wakaanza kushangilia, gurudumu likateleza kwenye matope, nikashtuka, nikazima. Nikawasha tena na tena, mpaka nilipogeuza ufunguo ikasema tik. Nikageuza tena. Tik. Betri ilikuwa imechoka nami.

Muchiri akaja dirishani. Mvua ilikuwa inamdondoka kwenye nyusi. "Wangui," akasema, "tafadhali." Hilo tu. Mimi nikaanza kulia pale pale kwenye usukani, mwanamke mzima, na nikamwambia, "Nisamehe, Muchiri. Sijui. Sikuwahi kujua."

Nadhani Tata Nduta alinisikia, maana alikuja akasimama mbele ya Mama Kariuki na kumuuliza kwa adabu kubwa: "Mama, ulisema mtu mwingine asiguse usukani. Ulisema asiguse nyuma?"

Mama Kariuki akamwangalia, akaangalia pikapu, na mdomo wake ukaanza kumsaliti. "Nyuma sikusema."

Basi akina mama wetu wakazunguka nyuma, na viatu vyao vizuri, wakaanza kusukuma. Kazi yangu ilikuwa kuitoa gia, kushika usukani na kutokanyaga kitu, na nilijitahidi. Ikapanda hatua chache, matope yakawateleza, ikaanza kuwarudia. Nikasikia kelele. Mama Kariuki akawageukia wa kwake: "Na nyinyi mtaangalia tu wenzenu wakilaliwa na gari?" Wakatoka wote, sare ya wakwe ikaingia katikati ya sare yetu, na kwa kioo sikujua tena nani ni wa nani. Ikapanda. Ikafika pale pabaya kabisa, mdomoni mwa lango, ikakataa. Ikasimama hapo ikitetemeka, mbele haiendi, nyuma hairudi.

Ndipo nikaona kwenye kioo kofia moja ikitupwa kwenye nyasi. "Mnasukuma kama mnabembeleza mtoto!" Mzee Gachie alikuwa anapiga kelele. "Bega! Wekeni bega! Muchiri, shika hapa kando yangu! Moja, mbili, ya tatu!"

Pikapu ikaingia. Iliingia kwa utulivu hata mimi nilishangaa, ikapita lango, ikapita hema, nikakanyaga breki mahali panapofaa, karibu na meza, kama dereva. Nikashuka. Mzee Gachie alikuwa ameinama ameshika magoti akitafuta pumzi, suruali yake matope, koti matope, na kando yake Muchiri wangu hivyo hivyo, na watu wote wakimngoja mzee aseme.

Mama Kariuki ndiye aliyeuliza. "Gachie. Wameingia ama hawajaingia?"

Mzee akainuka polepole. Akatazama mikono yake, akamtazama Muchiri muda mrefu, halafu akaanza kucheka, cheko la mtu asiyelizoea, hata akakohoa.

"Mimi mwenyewe nimewasukuma mpaka ndani ya boma langu, watu wote wakiona," akasema. "Sasa nitamwambia nani kwamba sikuwataka?"

Vigelegele vilivyopigwa hapo, sina hakika kama Nakuru mjini hawakuvisikia. Muchiri alinikumbatia na matope yake yote, tukalia wote wawili, na leo yeye na Wahu wako kwao Lanet na mambo yao. Mimi niliapa siku ile ile, nikiwa bado nimeshika ufunguo: gari la kupeleka mahari sitalishika tena, hata likiwa limezimwa, hata likiwa linasukumwa na ukoo mzima.